Kiganja Kwenye Kimea

Katika kitongoji cha Mabuwe, mbele kidogo ya Kayenze, nyumba zimejibanza katikati ya majabali na ziwa linaonekana kutoka kila mlango. Hapo ndipo alipoishi Masalu mwana wa Lugembe, mtu mwenye kifua kipana, sauti nene na jibu la kila swali. Ukimwuliza mvua itanyesha lini, anajua. Ukimwuliza kwa nini ng'ombe wa jirani ametupa mimba, anajua, na jina la aliyesababisha atakutajia bila kupepesa macho. Kwa kuwa alikuwa kaka mkubwa wa ukoo, watu walizoea kumwachia aseme, naye, jamani, alisema!

Mdogo wake, Ndalahwa, alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alinunua dagaa kwa wavuvi, akawaanika kwenye turubai jeusi pale ufukweni, akawakusanya kwa reki na kuwapeleka soko la Mwaloni, Kirumba, bila makeke. Mke wake, Kokulinda, alimtoa ng'ambo ya ziwa, Muleba, ambako mama mtu, Bernadetta, alikuwa na kitalu cha miche ya kahawa. Masalu hakuipenda ndoa ile tangu siku ya posa. Alisema mwanamke wa mbali huja na vya mbali, na hakuna aliyethubutu kumwuliza hivyo vya mbali ni vitu gani. Wanandoa wale wakanyamaza, wakaishi, wakajaliwa binti wakamwita Queen.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane, Queen akiwa na miezi minane tu, Ndalahwa hakuamka. Daktari aliyeuangalia mwili alisema ni shinikizo la damu, tena la siku nyingi. Masalu alimsikiliza daktari kwa adabu, akamshukuru, akatoka nje na kuwaambia waombolezaji kwamba yule daktari hajui kitu.

"Mtu wa miaka arobaini, jana kabeba magunia saba, leo afe kwa presha? Presha ni ya wakubwa wenye vitambi. Huyu kuna mkono wa mtu hapa," alisema.

Neno hilo, "mkono wa mtu", likabaki likielea pale uani kama moshi wa kuni mbichi. Kokulinda alilisikia. Alimkumbatia mwanawe na kuinamisha kichwa.

Katika ukoo wa Lugembe, msiba haumalizwi mpaka ipikwe pombe ya mtama. Marehemu humwagiwa kidogo chini, walio hai hunywa inayobaki, ndipo wakae kuamua mambo ya nyumba na watoto. Kazi ya kutengeneza kimea ilikuwa ya shangazi yao, Paskazia, mwanamke aliyeanza kuotesha mtama kabla Masalu hajaota meno. Aliloweka madebe mawili ya mtama mwekundu, akautandaza sakafuni katika chumba cha marehemu kwa sababu ndicho chumba pekee kilichokuwa kitupu, akaunyunyizia maji na kuufunika kwa lile turubai la dagaa. Siku ya tatu, vichipukizi vikiwa bado vifupi kama kucha, angeutoa na kuuanika juani juu ya jabali. Hivyo ndivyo alivyofanya maisha yake yote. Kimea cha Paskazia hakikuwahi kuiona siku ya nne.

Lakini jioni ileile Masalu alileta kufuli. "Mali ya marehemu haichezewi," alisema huku akimtupia Kokulinda jicho la pembeni, akafunga mlango wa kile chumba na kutia ufunguo mfukoni. Kesho yake akaitwa Nansio, baba mkwe wake yu hoi. Alivuka akidhani ni safari ya kulala na kugeuza. Mzee akafariki, mazishi yakafuata, kisha upepo ukalichafua ziwa, watu wakaambiwa wasubiri. Shangazi alimpigia simu siku ya tatu akimsihi aruhusu kufuli livunjwe, kimea kisije kikaharibika.

"Kufuli langu halivunjwi," Masalu alijibu. "Kimea ni mtama tu, hakina miguu. Nakuja."

Alikuja siku ya nane, saa nane mchana, jua likichoma mpaka mijusi imejificha. Uani hapakuwa na mtu. Kokulinda na shangazi walikuwa wameteremka ziwani kufua. Masalu akatia ufunguo, akasukuma mlango.

Jambo la kwanza lilikuwa harufu. Harufu tamu, nzito, yenye unyevunyevu, kama ya mdomo wa mtu aliyelala muda mrefu. Bati moja la plastiki kwenye paa lilipitisha mwanga mweupe, na katika mwanga ule Masalu aliona kwamba turubai halikuwa limelala sakafuni kama lilivyoachwa. Lilikuwa limeinuka. Limeinuka katikati na kuteremka pembeni, urefu wa mtu mzima, kama vile pana mtu amelazwa chini yake na kufunikwa mpaka usoni. Palepale ndipo walipomlaza Ndalahwa siku ile wakimsubiri daktari.

"Nani?" aliuliza Masalu.

Turubai likatikisika kidogo, likatoa mlio mdogo wa kukwaruza, likatulia.

Nywele zilimsimama. Angetaka kukimbia, lakini mtu mwenye majibu yote hakimbii turubai, hata akiwa peke yake. Akakamata pindo, akavuta kwa nguvu zake zote mpaka likaangukia nje ya mlango.

Chini yake sakafu nzima ilikuwa imeota. Si kimea tena, bali msitu mdogo wa vitu vyeupe, virefu shubiri nzima, vyembamba, vimeinamiana na kupotoka kama minyoo iliyosimama. Hapakuwa na jani hata moja la kijani pembeni kote kule. Na katikati, mahali ambapo kifua cha marehemu kingekuwepo, palikuwa na mkono. Kiganja kikubwa na vidole vitano vilivyotanuka, kimezama chini kuliko miche mingine, kana kwamba mtu amekibonyeza. Ndani ya kiganja kile miche ilikuwa mifupi na migumu, mashina yake mekundu ya damu inayoanza kuganda, ncha zake nyeusi kwa ukijani.

Masalu alitoka kinyumenyume. Akakaa kwenye kizingiti, akapiga ukelele mmoja uliosikika mpaka ufukweni. Alikuwa na hofu, hofu ya kweli ya kubana kifua. Hata hivyo chini ya hofu ile palikuwa na kitu kingine ambacho angeona haya kukitaja: furaha. Alikuwa amesema kuna mkono wa mtu. Na mkono ndio ule.

Nusu saa haikupita, uani pamejaa. Watu walichungulia kwa zamu, wakatoka wakijishika vinywa. Shangazi Paskazia alitazama mara moja tu, akaketi chini na kujifunika khanga kichwani.

"Mayu wane, mama yangu!" alilia. "Miaka hamsini naotesha mtama. Kimea ni cheupe! Sijapata kuona chenye damu!"

Obedi, mtoto wa dada yake Masalu, kijana wa bodaboda mwenye misuli na haraka ya kila kitu, alipiga picha kwa simu. Kabla Kokulinda hajapanda kilima na beseni lake la nguo, picha ilikwisha kufika Nyegezi na Nansio, na kila aliyeipokea alikuwa na la kuongeza. Mwingine alisema kidole cha shahada kimeelekea jikoni. Watu wakageuka kutazama jikoni. Mlangoni pa jiko, beseni kichwani na mtoto mgongoni, alikuwa amesimama Kokulinda.

"Marehemu kasema," Masalu alitamka, na sauti yake nene ilikuwa imerudi. "Mkono wa marehemu hausemi uongo. Usiku ule alilala chumba kimoja na nani?"

Jibu wote walikuwa nalo.

Siku iliyofuata mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mlango uliachwa wazi, turubai likabaki nje, na jua la asubuhi liliingia kwa nafasi. Walipokwenda kutazama jioni, wekundu ulikuwa umetoka kwenye kiganja na kuanza kusambaa. Mashina yaliyokuwa meupe jana yalikuwa yamegeuka rangi kuanzia chini, mekundumekundu, moja baada ya jingine, mpaka ukutani. "Damu inatembea," watu walinong'onezana. Vijana watano wakaja na fimbo, wakaketi chini ya ukuta wa jiko bila kuambiwa na mtu. Kila mmoja pale aliyakumbuka yaliyompata bibi wa kijiji cha pili, aliyeitwa mchawi na kuuawa kwa sababu ya macho yake mekundu ya moshi. Nyumba yake mpaka leo imekuwa kichuguu.

Ukoo ukakaa. Uamuzi wa Masalu ulikuwa mfupi: Kokulinda aondoke Mabuwe ifikapo Jumamosi ya wiki ijayo, arudi kwao na nguo alizovaa. Mtoto ni wa ukoo, atabaki.

Kokulinda alikuwa hajatoa machozi mbele ya watu tangu mazishi. Aliposikia neno "atabaki" aliyatoa, akayafuta kwa kiganja, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alikwenda mpaka lilipotupwa turubai, akalikokota mpaka chumbani, akalitandaza juu ya mtama pindo kwa pindo. Akamwita mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Chenge, mtu mpole mwenye kofia ya sufu, aje aone. Masalu naye akaingia, Shangazi Paskazia nyuma yake.

Turubai lilikuwa na matundu. Mipasuko mitano mirefu na tundu moja kubwa. Mipasuko ilikaa juu ya vidole, tundu likakaa juu ya kiganja, bila kuzidi wala kupungua.

"Haya matundu aliyatoboa marehemu mwenyewe," Kokulinda alisema. "Reki yake aliyoichonga ina meno matano. Ilinasa mawe mwezi wa sita, akalipasua turubai, na hapa pakubwa paliliwa na jabali. Nilimcheka. Mzee Chenge, penye tundu mwanga umeingia. Pasipo tundu ni giza. Hakuna zaidi."

Mzee Chenge alikuna kidevu. Masalu alicheka kwa nguvu.

"Mkono wenye uwezo wa kutia damu kwenye mtama, utashindwa kutoboa turubai?"

Kokulinda alimgeukia shemeji yake.

"Basi, shemeji, nipe siku nane zilezile," alisema. "Kazi yote uifanye wewe. Chagua mtama wa ghalani kwako. Uloweke wewe, uutandaze wewe, ufunge wewe, ufunguo ukae kwako. Mimi sitagusa hata punje. Ninaomba kitu kimoja. Kata tundu kwenye turubai, kwa umbo la mkono wako mwenyewe."

"Wangu?"

"Wako. Kama mkono ule ni wa marehemu, basi atautia tena wa kwake, au hatautia wowote. Ukitokea wako, ni mwanga."

"Na usipotokea?"

Masalu aliona wazi kwamba mwanamke yule hakuwa na uhakika.

"Mama yangu aliezeka kitalu kwa nyasi," alisema taratibu. "Mche uliofunikwa mno ulirefuka ukawa mweupe, ukitafuta jua. Tulipopunguza nyasi, ukarudi kijani. Kuhusu wekundu huu, sijawahi kuujaribu. Usipotokea, nitaondoka."

"Bila mtoto," Masalu alisema.

"Bila mtoto," Kokulinda alijibu.

Mapatano yale waliyasikia watu wanne: wao wawili, Mzee Chenge na Shangazi Paskazia. Masalu aliafiki upesi kwa sababu moja tu: alijua. Chumba kikafagiliwa. Akaloweka mtama wake, akautandaza, kisha akakata turubai upande uliokuwa mzima. Alilaza mkono wake wa kulia, shangazi akauzungusha kwa chaki, yeye akapitisha wembe. Kidole chake cha mwisho kiliishia kwenye kiungo cha kwanza, mashine ya boti ilikila zamani, na tundu nalo likatoka hivyohivyo, vidole vinne na kisiki. Akafunika upande wenye tundu hilo, ule wenye matundu ya reki akaukunja nje, akafunga kufuli na kwenda zake.

Siku ya kwanza alitania watu. Siku ya tatu alijikuta amepita mlangoni pale mara nne bila shughuli. Siku ya tano, adhuhuri, watu wamepumzika, alitega sikio kwenye ubao wa mlango akasikia mlio ule: kwaru, kwaru, kitu kikisukuma turubai kutoka chini, kikipumzika, kikisukuma tena. Jasho lilimtiririka mgongoni. Alijiambia ni panya. Lakini alianza kuutazama mkono wake wa kulia wakati wa kula, akahamia kutumia kijiko. Mke wake alimwuliza kama anaumwa.

"Naumwa nini? Mimi ni mzima," alijibu kwa ukali.

Hakumwambia kwamba siku hizi mkono ule ulimwasha, wala kwamba alianza kuogopa kupata jibu lolote.

Siku ya nane ikafika, Jumamosi. Mzee Chenge alikuwa ameitwa kwenye kikao mjini, akaagiza asubiriwe mpaka saa sita. Masalu hakusubiri. Alikuwa amewaalika watu kuanzia Igombe, tena hakuwaambia habari ya turubai wala ya mkono wake, kwa maana gani awaambie upuuzi ambao leo unakufa? Aliwaambia tu kwamba chumba kitafunguliwa na marehemu atasema mara ya pili, waje wamsikie. Nao walikuja. Obedi na wenzake walikuja na fimbo.

Saa tatu asubuhi, mbele ya umati, Masalu alifungua kufuli. Harufu ileile tamu iliwapiga puani. Turubai lilikuwa limevimba kama mara ya kwanza, na wanawake waliokuwa mbele wakarudi nyuma wakikanyaga waliokuwa nyuma. Obedi ndiye aliyelivuta, akalitupa pembeni likiwa limejikunja.

Miche myeupe ilisimama kila upande, imeinama, mirefu, kama mara ya kwanza. Katikati yake kiganja chekundu, kimezama, vidole vimetanuka. Vinne, na kisiki.

Masalu alikuwa amekata tundu lile kwa wembe wake mwenyewe, lakini kuuona mkono wako umeota kutoka ardhini, mwekundu, mahali alipolazwa ndugu yako, hilo halikuwa jambo ambalo wembe ulimwandaa nalo. Bila kufikiri akaficha mkono wake wa kulia nyuma ya mgongo. Kila mtu alimwona akiuficha.

"Kile kidole kifupi," mtu alisema nyuma.

"Ni mkono wa Masalu."

"Marehemu kamtaja kaka yake!"

Obedi aligeuka. Uso wake, ambao Masalu aliujua tangu ukiwa mchanga, ulikuwa haumjui tena. "Mjomba," alisema. "Ni wewe?"

"Nisikilizeni," Masalu alisema. "Ni turubai. Lilikuwa na tundu. Nilikata mwenyewe, mwanga umeingia, basi."

Wakati maneno yale yanamtoka aliyatambua. Yalikuwa maneno ya Kokulinda, karibu yote, na alikumbuka jinsi alivyoyacheka.

"Mkono wa marehemu hausemi uongo," Obedi alijibu. "Hayo ulisema wewe, mjomba. Hapahapa uani."

"Na ufunguo ulikuwa wa nani?" mwanamke mmoja aliuliza. "Nani mwingine aliingia humu?"

"Ndiyo maana alifunga! Alifunga tangu mwanzo!"

Shangazi Paskazia alinyanyua mikono akipiga kelele kwamba yeye mwenyewe alizungusha chaki, lakini nani amsikilize bibi anayemtetea mtoto wa kaka yake? Umati ulisogea. Fimbo moja iliinuliwa. Masalu alirudi nyuma mpaka akakanyaga kimea, akasikia vitu vile baridi vikivunjika chini ya nyayo zake, akajua kwamba nyuma yake kuna ukuta tu. Alitaka kusema, na sauti ile nene ya miaka yote ikamkatalia kabisa. Aliwatazama watu aliowafundisha mwenyewe namna ya kuusoma ule mkono. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na shaka.

Ndipo macho yake yakakutana na ya Kokulinda. Alikuwa amesimama mlangoni, Queen mgongoni. Yeye peke yake, kati ya watu wote wale, ndiye ambaye wangemsikiliza, kwa kuwa alikuwa na kila sababu ya kutaka Masalu apigwe. Na Kokulinda hakusema. Alimtazama tu. Masalu aliona mwanamke yule anafikiri, akaelewa anafikiri nini, na hakuweza kumlaumu. Kunyamaza kwake kungemwachia nyumba, mtoto na amani yake. Masalu akafumba macho.

"Obedi, weka fimbo chini," alisikia sauti ya Kokulinda.

"Mama Queen, huyu ndiye aliyekutukana..."

"Nimesema weka chini."

Alipita katikati yao, akaliokota lile turubai, akalikunjua mbele ya macho ya watu wote. Tundu la mkono lilionekana, na nyuma yake mwanga wa mlangoni. Akamwambia Masalu atoe mkono wake alioficha. Masalu aliutoa, na Kokulinda akaupitisha kwenye tundu. Ulienea mpaka kwenye kisiki. Watu wakatazama turubai, wakatazama kimea.

"Mtama ukiwa gizani hauna shughuli na rangi," Kokulinda alisema. "Unarefuka tu, unatafuta pa kutokea. Ukiuonja mwanga ndipo unaacha kukimbia, unabaki mfupi, unajitengenezea rangi yake. Jani linakuwa kijani, shina linakuwa jekundu. Ninyi ni wakulima au mnanitania? Kila msimu mtama unachomoza shambani na shina jekundu, mnaupalilia mkiimba. Nani aliwahi kuukimbia?"

Shangazi Paskazia alikuwa amekaribia, ameinama juu ya miche, akiigusa mmojammoja kwa kidole.

"Ni kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Shambani ni mwekundu. Mimi huku nyumbani nautoa siku ya tatu, nauanika, unakufa. Miaka hamsini sikuwahi kuuacha uendelee. Nilidhani nakijua kimea, kumbe nazijua siku zake tatu."

Obedi aliiangusha fimbo, na ilipogonga sakafu wengine wakashtuka kama waliotoka usingizini. Wakatoka mmojammoja, macho chini. Mwanamke aliyeuliza habari ya ufunguo alimwomba Kokulinda ampe mtoto amshike kidogo, Kokulinda akakataa.

Mzee Chenge alifika saa sita akiwa amevaa kofia yake ya sufu, akakuta uani ni watu watatu tu. Masalu alikuwa amekaa kwenye kizingiti, ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. Alipomwona mwenyekiti alisimama, akatoa ufunguo mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha Kokulinda.

"Sikujua, shemeji," alisema, na machozi yalimdondoka mbele yao. "Nisamehe. Haki ya Mungu, sikujua."

"Hukujua," Kokulinda alijibu, "na hukuuliza. Ulitaka kuninyang'anya mtoto kwa jambo usilolijua. Leo nimekuokoa, shemeji. Kukusamehe bado. Hilo nalo litachukua siku zake."

Alifunga vidole vyake juu ya ufunguo, akaingia chumbani, akafungua dirisha, akaanza kuling'oa lile bonge la mtama kwenye mwanga wa jua, kiganja na kila kitu. Pombe ya msiba ilipikwa wiki mbili baadaye kwa kimea kipya. Masalu alikuja, akaketi nyuma ya watu, akamwagia mdogo wake, akanywa kidogo. Mtu mmoja alimwuliza mvua itaanza lini mwaka huu, naye alilitazama ziwa kwa muda mrefu bila kujibu. Watu wa Mabuwe hawakumcheka, kwa sababu wote walisimama uani siku ile na wote waliiona damu isiyokuwepo. Ama kweli, usilolijua ni kama usiku wa kiza.